Sauti Waliyoitupa

"Sitalisema," alisema Zumari. Kiti kilikuwa kimevutwa kwa ajili yake, lakini yeye alibaki amesimama, mikono nyuma, kidevu juu.

"Ni neno moja tu," alisema Mkuu wa chuo. "Samahani. Ulitamke mbele ya darasa leo mchana, kabla video za makundi hazijaanza kuonyeshwa, yaishe. Wenzako wawili watapata alama zao. Wewe utakaa nyumbani, na mwakani tutaona kama nafasi ipo."

"Na nisipolitamka?"

"Video yenu haionyeshwi. Mnaanguka wote watatu, na wewe hapa hurudi tena."

"Basi isionyeshwe. Mimi siombi samahani kwa kitu nisichokivunja."

Mwalimu wa kamera, aliyekuwa ameegemea kabati, alicheka kidogo. "Huyu binti ana shingo ngumu, Mkuu. Nilikwambia."

Kwenye kona ya ofisi alikaa mama aliyeanza kuzeeka, mkoba mapajani. Zamani alikuwa mpelelezi wa polisi, na hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Bi Tochi, kwa sababu enzi zake alikuwa akimulika chini ya kitanda kwanza ndipo amuulize mwenye nyumba swali. Bodi ya chuo ilikuwa imemwomba aje aliangalie jambo hili kabla halijawa kubwa. Tangu aingie hakuwa amesema neno. Alikuwa akimtazama binti.

"Nipe hilo boksi," alisema hatimaye.

Mkuu alilisogeza. Ndani, katikati ya sponji nyeusi, ililala lenzi kubwa, ile iliyokuwa fahari ya chuo kizima, iliyoazimwa kwa makundi kwa zamu. Bi Tochi alilichunguza boksi kwanza. Pembe zote nne zilikuwa safi, hazina mkwaruzo wala hazikubonyea. Akatoa lenzi, akatazama kifuniko chake cha plastiki kilichokuwa mbele ya kioo. Kilikuwa kizima. Akakifungua. Kioo kilikuwa kimepasuka toka ukingoni hadi katikati, na kipande kidogo hakikuwepo.

"Mnasema alilidondosha njiani?"

"Yeye ndiye aliyelibeba kutoka kule walikopiga picha mpaka hapa," alisema Mwalimu. "Mimi nililifungua stoo, nikakuta hivyo. Nani mwingine?"

"Na hiki kipande kilichotoka kiko wapi? Humu kwenye sponji hakimo."

Mwalimu alinyanyua mabega.

Bi Tochi alimgeukia Zumari. "Mwanangu, wewe unasemaje?"

"Nilipokwenda kulifunga boksi nilifungua kifuniko nikague, nikakuta kioo kimeshapasuka. Nikalibeba hivyo hivyo."

"Kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Sikuulizwa, Bibi."

"Lilikuwa limewekwa wapi?"

"Kwenye meza ya kupigia pasi. Kwa shangazi yangu. Tulipiga picha pale kwake, ni dobi."

"Nani alikuwa karibu na hiyo meza?"

Hapo Zumari alitazama dirishani, kama vile huko nje kuna kitu cha maana. "Hilo sitalijibu, Bibi. Unaweza kuniuliza mpaka jioni."

Mwalimu alimtazama Mkuu kwa macho ya unaona sasa. Lakini Bi Tochi alirudisha lenzi taratibu, akafunga boksi. Alikuwa amewahoji waongo wengi maishani, na mwongo huwa na jibu kwa kila swali. Huyu alikuwa na majibu yote isipokuwa moja, na lile moja alilikumbatia kama mtu aliyembeba mtoto wa watu.

"Nipeni hadi hiyo saa ya kuonyesha," alisema, akainuka.

*

Kwa dobi kulikuwa na joto la mvuke na harufu ya sabuni. Uani kulifungwa kamba toka ukuta hadi ukuta, na mashuka meupe yalikuwa yamening'inia safu kwa safu hata mtu akiingia katikati hakuonekana tena. Nyuma ya safu ya mwisho, chini ya kibanda cha mabati, kulikuwa na meza ndefu ya pasi, na pembeni ya meza, mlango mdogo wa kutokea uchochoroni.

Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mikono mikubwa iliyokunjamana kwa maji. Alimkaribisha Bi Tochi kwa heshima zote, akamtolea kigoda, akakifuta kwa kanga yake ingawa kilikuwa kisafi.

"Mama, mimi ya kamera siyajui," alisema. "Najua walikuja hapa watatu, wakaniomba ua. Nikawapa. Nimlee Zumari mwenyewe tangu mamaye afariki, halafu nimnyime kamba za kuanikia?"

"Niambie tu ulivyoona, mdogo wangu."

"Wimbo ukapigwa, yeye akawa anauimba kwa midomo, hatoi sauti. Kwanza karibu karibu, uso tu. Mwalimu wao alikuwepo. Walipomaliza hicho cha uso akaniaga, akasema kazi njema, akaenda zake. Halafu wakahamia katikati ya mashuka, mtoto akawa anacheza."

"Na wewe ulikuwa wapi alipokuwa anacheza?"

Shangazi alichukua shuka lililokwisha kukunjwa, akalikunjua, akaanza kulikunja upya. "Nilikuwapo tu. Huku na huku."

"Hapa mezani?"

"Huku na huku, mama."

Bi Tochi hakumbana. Alitoa tochi yake mkobani, ingawa jua lilikuwa linawaka, akapiga magoti kwa shida na kumulika chini ya meza. Sakafu ilikuwa imefagiwa, lakini kwenye ufa wa saruji, karibu na mguu wa chuma wa meza, kitu kilimeta. Alikichokoa kwa kibanio cha nywele. Kilikuwa kipande cha kioo, kidogo kama ukucha wa mtoto.

Uso wa Shangazi ulibadilika. "Kimevunjikia hapa?"

"Kimevunjikia hapa. Kwa hiyo ya njiani yamekwisha."

Yule mama aliweka shuka chini. Alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu. "Basi watasema ni mimi. Na waseme. Niambie niende kwa nani nikajieleze, niende sasa hivi. Lakini yule mtoto asitolewe masomoni."

"Wewe ndiye uliyevunja?"

"Sikuvunja. Ila kama mtu anatakiwa, nipo."

Bi Tochi alimshika mkono. Sasa alijua kwa nini Zumari alitazama dirishani. Binti alidhani ni shangazi, na shangazi alikuwa tayari kuwa yeye. Watu wawili walikuwa wanagombania kosa ambalo huenda si la yeyote kati yao.

*

Jicho, mpiga kamera wa kundi, alikuwa ameegemea ukuta nje ya karakana, anang'ata kucha kwa wasiwasi. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi likasimama.

"Shati zuri," alisema Bi Tochi.

"Shikamoo, Bibi. Shangazi yake Zumari ndiye aliyelipiga pasi. Nilikuwa na usaili wa kazi ya likizo. Akaniambia huwezi kwenda na shati kama umelala nalo." Alitabasamu, kisha tabasamu likazimika.

"Lenzi kubwa mliitumia lini?"

"Kwenye picha za uso tu. Nikaivua, nikaifunika kifuniko, nikaiweka kwenye boksi mezani. Nikafunga lenzi nyingine, ndefu, ya kupigia ukiwa mbali."

"Una hakika uliifunika?"

"Bibi, hicho ndicho kitu cha kwanza unafundishwa. Ningesahau kuvaa viatu."

"Sasa nisikilize. Kioo kimepasuka, kifuniko hakina hata alama. Maana yake mtu alikifungua, lenzi ikaanguka ikiwa wazi, kisha akakirudisha. Mtu gani hufungua lenzi ambayo hapigi picha?"

Jicho alifikiri. "Anayetaka kuikagua. Unaielekeza kwenye mwanga, unatazama kama kioo kina mkwaruzo. Mtu anayeazima hufanya hivyo."

"Dobi angefanya?"

"Shangazi? Yeye hata kamera anaiogopa, anasema ina macho." Halafu akakunja uso.

"Endelea."

"Sitaki kumtia mtu matatani."

"Umeshamtia mwenzako, kwa kunyamaza."

"Zumari alipokuwa anacheza, nilisikia kitu kimegonga nyuma yangu, upande wa meza. Mara moja tu. Pale kuna pasi, kuna ndoo, kila mara kuna kitu kinagonga. Sikugeuka, ukigeuka kamera inatikisika. Baadaye lenzi ilipoonekana mbovu nikasema moyoni, ni Shangazi alikuwa kule nyuma. Nikaapa sitamtaja. Mtu amenipigia pasi shati bila hata kumwomba."

"Kwa hiyo watatu mmefunga midomo kwa ajili yake."

"Na Mkasi, mwenzetu wa tatu? Yeye hajui kitu."

"Hilo tutalijua," alisema Bi Tochi.

*

Mkasi ndiye aliyekuwa mhariri. Walimkuta kwenye chumba cha kompyuta, mapazia yameshushwa, ameinama mbele ya skrini. Alikuwa mnene, mcheshi, na alipomwona mpelelezi akatoa kofia, akaivaa tena, akaitoa.

"Nionyeshe hicho cha mashukani," alisema Bi Tochi.

Picha ikatokea. Zumari alikuwa katikati ya weupe mtupu, anazunguka polepole kama mtu aliye ndani ya maji. Shuka la nyuma yake lilifura na kushuka, likafura na kushuka, na nywele zake zikapaa. Midomo yake ilitamka kila neno la wimbo, sawia kabisa na sauti iliyotoka kwenye spika: nimekataa kuinama, waliozoea wainame.

Bi Tochi alikunja uso. "Mwili unakwenda polepole, lakini midomo inaimba kwa mwendo wa kawaida. Imewezekanaje?"

Mkasi alichangamka, kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. "Hiyo ni janja ya kazi, Bibi. Siku ya kupiga picha, wimbo unauharakisha. Mwimbaji anaufuata hivyo hivyo mbiombio, kama kuku. Halafu mimi huku naipunguza picha mwendo. Midomo inarudi kawaida, mwili unakuwa wa ndotoni. Kisha juu naweka wimbo safi wa studio."

"Na sauti ya siku ile, ambayo kamera yenyewe iliisikia?"

"Hiyo tunaitupa."

"Mnaitupa wapi?"

"Naizima tu. Haina kazi. Mwalimu hutuambia sauti ya kamera ni takataka, hata tusipoteze muda kuisikiliza. Hakuna mtu aliyewahi kuisikiliza."

Bi Tochi alivuta kiti. "Iwashe takataka hiyo."

Mwanzoni ilitoka kama sauti ya mlevi ndani ya pipa, nzito, inaburuta. Mkasi akairudisha picha kwenye mwendo wake wa kwanza. Zumari akaanza kuruka kwa kasi, na wimbo ukawa wa vifaranga. Jicho alicheka bila kutaka. Walipofika katikati ya ubeti wa pili, pakasikika: ko.

"Hapo," alisema Jicho. "Ndiyo hiyo."

"Rudia, na mtazame shuka, msitazame binti," alisema Bi Tochi.

Walitazama. Shuka lilifura, likashuka. Ko. Likafura, likashuka. Halikukosa pumzi hata moja.

"Huo si upepo wa Mungu. Upepo wa Mungu hauhesabu mapigo. Nani alikuwa anapepea?"

Jicho alimtazama Mkasi. "Ni yeye. Alikuwa nyuma ya lile shuka na kipande cha boksi la karatasi."

Mkasi alivua kofia, safari hii hakuivaa tena.

"Mwanangu," alisema Bi Tochi, "wimbo uliharakishwa kwa mashine ya muziki. Nani alikuwa kwenye mashine?"

"Mimi."

"Una mikono mingapi?"

Kijana aliangalia chini. "Mikono ilichoka, Bibi. Shangazi akaniona ninavyohema, akaninyang'anya kile kipande cha boksi. Akasema kaa kwenye mashine yako, upepo niachie mimi, nimepepea majiko maisha yangu yote. Akapepea mpaka tukamaliza. Zumari alikuwa amempa mgongo, Jicho aliona hicho kipande tu. Sikumwambia mtu kwa sababu Mwalimu alisema mkono wa mtu wa nje ukiingia kwenye kazi ya kundi, alama zinakatwa."

Jicho alishika kichwa. "Kwa hiyo Shangazi alikuwa mbele yangu muda wote. Na mimi ninamficha."

"Mlikuwa mnamficha mtu asiye na la kufichwa," alisema Bi Tochi. "Zumari yuko kwenye picha. Shangazi yuko kwenye shuka. Mmoja yuko kwenye kamera, mmoja kwenye mashine. Hebu ongeza sauti, punguza wimbo kama waweza. Kamera ilikuwa karibu na meza kuliko spika."

Mkasi alisogeza hiki, akapunguza kile. Wimbo ukazama. Chini yake, karibu kabisa, palikuwa na mtu anaongea kwa simu, kwa sauti ya chini ya mtu anayedhani kelele zimemfunika.

Walisikiliza hadi mwisho. Hakuna aliyecheka tena.

*

Ukumbi wa kuonyeshea ulikuwa bado na viti vitupu. Mkuu alikuwa anapangusa kipaza sauti. Mwalimu wa kamera alikuwa mbele, anapanga nyaya. Zumari alikaa safu ya mwisho, amejikaza, na pembeni yake alikaa shangazi yake, aliyekuja bila kuitwa, amevaa gauni la kutokea.

"Umeamua, binti?" aliuliza Mkuu.

"Niliamua asubuhi."

"Subiri kidogo," alisema Bi Tochi, akashuka ngazi polepole akishikilia viti. Alisimama karibu na Mwalimu, karibu kama mtu anayetaka kumnong'oneza mwanawe. "Mwalimu, nikikuuliza jambo, usiharakishe kujibu. Nakupa nafasi ulianze mwenyewe. Lenzi ilivunjikaje?"

"Si nimeshasema?"

"Ulisema. Ulipoondoka kwa dobi, walikuwa wameshaanza picha za kucheza?"

"Bado. Nilimuaga mwenye nyumba, huyo hapo, muulize."

"Aliniaga," alisema Shangazi.

"Hukurudi? Kwa mlango wa uchochoroni?"

"Nirudi kutafuta nini?"

"Kwa hiyo wimbo ulioharakishwa hukuusikia."

"Nitausikiaje, na mimi sipo?" Alimgeukia Mkuu. "Tunapoteza muda, wanafunzi wataingia."

Bi Tochi alingoja. Alingoja zaidi ya ilivyohitajika, kwa sababu alikuwa amewaona watu wengi wakiokoka kwa sentensi moja ya kweli iliyosemwa mapema. Haikuja. Akamwashiria Mkasi.

Kwenye skrini kubwa Zumari akaruka kwa kasi kati ya mashuka. Na kwenye spika za ukumbi, juu ya wimbo wa vifaranga, ikajaa sauti ambayo kila mtu mle ndani aliizoea darasani: "Ndiyo, ninayo mkononi hapa. Natazama kioo, safi, hakina kitu. Nitaichukua stoo Ijumaa, wala hawatajua. Harusi yenu itatoka kama sinema." Ko. Kimya. Kisha, kwa pumzi: "Mungu wangu." Na mlio mdogo wa kifuniko kikirudishwa.

Mkasi alizima.

"Takataka," alisema Jicho polepole. "Wewe ndiye uliyetufundisha."

Mwalimu alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Uso ulikuwa umemwiva. "Niliogopa," alisema. "Iliteleza. Nilidhani... watoto hawa wangesamehewa kirahisi kuliko mimi."

"Huyu ulimpangia afukuzwe," alisema Bi Tochi, bila ukali. "Hukumpangia kusamehewa."

Mkuu alimwomba Mwalimu amsubiri ofisini. Mlango ulipofungwa, alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Vema. Nafasi yako ipo, binti, haijaguswa. Video itaonyeshwa. Basi tuyafunge hapa."

Zumari alisimama. "Mkuu, asubuhi ulitaka neno moja mbele ya darasa. Bado liko palepale. Ila mwenye kulisema amebadilika."

Shangazi alimvuta mkono. "Mtoto, keti."

"Sikai, Shangazi."

Wanafunzi walikuwa wameanza kuingia, wakitafuta viti. Mkuu alipanda jukwaani, akagonga kipaza sauti kwa kidole, akalisema lile neno. Halikuwa refu, na sauti yake ilikwaruza, lakini alilisema akimtaja Zumari kwa jina, akaomba na kwa shangazi yake pia. Bi Tochi aliliona hilo la pili, akaliweka moyoni.

Alipokuwa anashuka, Mkasi alimfuata. "Mkuu, kuna jingine, bora ulijue kabla. Tulisaidiwa na mtu wa nje. Shangazi ndiye aliyepepea. Nimeandika mwishoni."

"Futa. Kanuni ni kanuni, hata kama aliyeitunga ametoka. Msipofuta nitakata alama."

Mkasi alimtazama Jicho. Jicho alimtazama Zumari.

"Kata alama," alisema Zumari.

Taa zikazimwa. Wimbo ukaanza, na ulipofika pale pa "nimekataa kuinama", nyuma kulikuwa na walioanza kuuimba. Shuka lilifura na kushuka, nywele zikapaa. Kisha skrini ikawa nyeusi, maandishi meupe yakapanda: mwimbaji, kamera, uhariri. Na peke yake, kubwa kuliko yote:

Upepo: Shangazi.

Yule mama alisoma polepole, kwa midomo, kama alivyomwona mwanawe akiimba. Kisha akamwinamia Bi Tochi. "Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo wewe, mdogo wangu."

"Na alama zao?"

"Wamezikataa."

Shangazi alifikiri, kisha akaketi wima, mikono yake mikubwa mapajani, kidevu juu.